Mnakutana Wapi Maji Yakija?

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu, hebu mgeukie mwenzi wako hapo kwenye kochi umuulize swali moja tu: "Ikitokea kesho mchana hatari imeingia mtaani kwetu, wewe uko kazini, mimi niko mjini, mtoto yuko nyumbani na dada, nani anamfuata mtoto, anapita njia gani, na tunakutana wapi?"

Najua atacheka. Atakwambia umeanza kuwaza mabaya. Mume wangu naye angesema hivyo hivyo. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa. Nilijua anapenda chai yenye tangawizi nyingi, nilijua mshahara wake unaingia tarehe ngapi, na yeye alijua nikinyamaza ghafla maana yake nini. Tulidhani tumeshaongea kila kitu. Kumbe swali hili moja hatukuwahi kuulizana, na Januari 2024 nusura litugharimu.

Sisi tunaishi Kihonda, Morogoro, upande wa chini wa mtaa, ambako wakati tunatafuta kiwanja bei ilikuwa ya kirafiki. Tulikiona mwezi wa Septemba. Si unajua Septemba ilivyo? Mfereji ulio nyuma ya kiwanja ulikuwa mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira. Bibi mmoja jirani, Mluguru wa siku nyingi pale, alitutazama tukipima msingi akasema, "Wanangu, maji hayasahau njia yake." Tukamshukuru kwa heshima zote, tukaendelea kumwaga zege.

SIKU YENYEWE

Mwezi ule mvua zilikuwa zimetuchosha. Sehemu kadhaa za manispaa yetu zilipata mafuriko. Siku hiyo asubuhi mvua ilipungua, tukaona mambo si mabaya, kila mtu akaenda kazini. Mimi ofisi yangu iko mjini, baba watoto anafanya kazi upande wa viwandani. Binti yetu wa miaka minne alibaki na dada wa kazi.

Saa saba mchana simu ikaita. Ni dada. "Dada, maji yamefika kwenye ngazi." Nikamuuliza ngazi ya ngapi. Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikampigia mume wangu, nayo haipatikani. Kumbe na yeye muda huo alikuwa ananipigia mimi, na nusu ya mji ilikuwa inampigia mtu fulani.

Nikatoka ofisini bila mkoba, nikapanda bodaboda. Tulipita Msamvu kwa shida, tukaingia Kihonda, tukafika kwenye kalavati la mtaani kwetu. Kalavati halionekani. Maji mekundu yanapita juu yake kwa kasi, yamebeba ndoo, matawi na kandambili. Yule kijana akazima pikipiki.

"Dada yangu, hapa sipiti."

"Kaka, mtoto wangu yuko ng'ambo. Nitakuongeza hela."

"Hata unipe milioni, dada. Sipiti."

Jamani, nilimtukana yule kijana. Leo namwombea dua. Baadaye nilikuja kujua kwamba maji yanayokimbia, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulisukuma gari dogo likaacha barabara. Pale kalavatini maji yalikuwa juu ya goti.

Akanizungusha kwa njia ya juu, ndefu, nisiyoizoea, ikatokea shule ya msingi. Pale chini ya veranda ya madarasa nikawaona majirani zangu karibu wote, na katikati yao binti yangu amefungwa kanga ya mtu, anakula muhogo. Dada hakusubiri amri ya mtu. Maji yalipogusa ngazi ya pili alimbeba mtoto mgongoni, akawafuata wenzake wakapanda shuleni. Hakuchukua kitu kingine chochote.

Nikakaa chini nikalia. Halafu jirani akaniuliza, "Mama, umeonana na baba? Amepita hapa chini sasa hivi. Tulimpigia kelele, hakusikia. Ameingia ndani kuwatafuta."

Basi bwana, wakati mimi nimezungukia juu, baba watoto alifika upande wa chini na gari. Mtu akamwambia amemwona mkewe juu ya bodaboda anaelekea nyumbani. Akaliacha gari, akaingia kwenye maji yaliyomfika kiunoni, anashika ukuta, anashika nguzo, mpaka ndani kwetu. Akapekua chumba kimoja kimoja akituita majina. Chumbani kwa mtoto godoro lilikuwa linaelea, akaliinua kwa mikono yake kuangalia chini yake. Hilo alinisimulia mwezi mzima baadaye, na hakulirudia tena.

Na mimi je? Niliposikia ameingia ndani nilimwacha mtoto, nikaanza kushuka kumfuata. Akina mama wawili wakanikamata mikono. Nilipigana nao. Laiti wangekuwa na nguvu ndogo kidogo, makala hii isingeandikwa.

Alitoka baada ya kama saa nzima, mguu umechanwa na bati. Aliponiona hakunikumbatia kama kwenye sinema. Alinifokea: "Ulikuwa wapi wewe?" Na mimi nikamfokea: "Nilikuwa nakutafuta wewe!" Tulilala kwa mama mkwe tumepeana migongo. Mama aliona, asubuhi akatuwekea uji na kusema kitu kimoja: "Huyo msichana ndiye mwenye akili nyumbani kwenu. Ninyi wengine mlikuwa mnatafutana."

TUNAKIMBIA KUELEKEA KWA TUNAOWAPENDA

Maneno ya mama yalinikaa. Siku ile watu wote watatu wangekuwa salama saa saba na nusu kama mimi na mume wangu tungejua kwamba dada anakwenda shuleni. Hatari kubwa kuliko zote tulijitengenezea wenyewe, kwa mapenzi.

Nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba hatukuwa wapumbavu peke yetu. Wanaopanga njia za kuhamisha watu kwenye miji yenye maafa wanalijua jambo hili. Mtu akisikia hatari hakimbilii nje ya mji moja kwa moja. Kwanza anamfuata mtoto shuleni, anampitia mama, anarudi kumchukua mke. Kwa hiyo kabla ya magari kutoka mjini, barabara zinajaa magari yanayokwenda kinyume, yanayoelekea kwenye hatari. Mpango usiohesabu safari hizo umekosea hesabu tangu mwanzo.

Hapa kwetu tumeliona. Usiku wa Februari 16, 2011 mabomu yalilipuka kambini Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Maelfu walikimbia kwa miguu gizani, wengi wakalala Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Waliojua wakimbie walikuwa wengi. Waliojua wakutane wapi walikuwa wachache.

Lagos, Nigeria, ilikuwa mbaya zaidi. Januari 27, 2002 ghala la silaha lililipuka Ikeja. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na mabomu. Walikimbia usiku wasijue waendako, wakatumbukia kwenye mfereji mkubwa wa Oke Afa wakazama. Wakimbizi wa moto wakauawa na maji, kwa sababu hakuna aliyewaambia njia salama ni ipi.

Wenzetu wa Goma, Kongo, wanaishi chini ya Mlima Nyiragongo. Mwaka 2002 uji wa moto ulipita katikati ya mji wao. Mei 22, 2021 jioni mlima ukalipuka tena, safari hii bila onyo, watu wakakimbilia Gisenyi upande wa Rwanda na wengine barabara ya Sake. Serikali ilipotoa hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa watu 15. Tisa kati yao walikufa kwenye ajali ya barabarani wakiwa wanakimbia. Siku tano baadaye, mamlaka zilipoagiza sehemu kubwa ya mji iondoke, barabara ya Sake ilijaa magari, pikipiki na watu wenye magodoro kichwani.

Na usidhani ni umaskini. Septemba 2005 kimbunga Rita kilipokuwa kinaelekea Houston, Marekani, watu wapatao milioni 2.5 waliingia barabarani karibu kwa pamoja. Wengine walikaa kwenye foleni zaidi ya saa 20, kwenye joto, mafuta yakawaishia. Uamuzi wa kuzigeuza njia za kuingia mjini ziwe za kutoka ulichelewa. Zaidi ya watu 100 walikufa kwenye safari hiyo ya kukimbia, wakiwemo wazee 23 walioungua ndani ya basi. Halafu kimbunga chenyewe kikakata kona, hakikuipiga Houston sawasawa.

SASA RUDI MOROGORO

Ukiijua Morogoro unaijua Msamvu. Barabara ya Dar es Salaam inafika pale, ya Iringa inafika pale, ya Dodoma inaanzia pale kuja kwetu Kihonda, na ya kwenda mjini nayo iko pale pale. Ni fundo moja. Siku ya kawaida fundo hilo ni biashara nzuri. Siku ya maafa likifungwa, upande mmoja wa mji hauwezi kuufikia mwingine. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka maeneo hayo ya Msamvu, watu wakasogea kuchota, likalipuka. Zaidi ya ndugu zetu 100 walifariki. Hakuna mtu wa Morogoro asiyemjua mtu aliyempoteza mtu siku ile.

Unaweza kusema, basi sisi wa Kihonda tutakimbilia Dodoma. Januari 2014 mafuriko ya Magole na Dumila yaliharibu daraja na barabara hiyo ikakatika. Machi 2020 ikakatika tena Kiyegeya, Gairo. Mvua ile ile inayokufukuza nyumbani ndiyo inayokata barabara unayoitegemea. Mji wenye njia moja ya kutokea hauna njia.

Sasa fanya hesabu nyepesi. Gari moja likipita kila baada ya sekunde tatu, njia moja inapitisha magari 1,200 kwa saa, na hapo hakuna lililozimika. Kila gari likiwa na watu wawili, ni watu 2,400. Basi moja la watu 50 linaondoa barabarani magari 25 ya namna hiyo. Ndiyo maana miji iliyojipanga haiwaambii watu wote watoke kwa mpigo. Inaanza na walio bondeni, inatenga mabasi kwa wasio na magari, inawafikiria mapema wagonjwa, wazee na walemavu, na inaweka watu kwenye makutano wa kuelekeza. Na kwa mafuriko kama yetu, mara nyingi huhitaji gari kabisa. Unahitaji mita mia chache za kupanda, kwa miguu, kwenye njia isiyovuka maji.

Dar es Salaam kuna mfano mzuri. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayopata mafuriko walizunguka kuchora ramani za nyumba, mifereji na vichochoro ambavyo ramani za zamani hazikuvionyesha. Jambo hilo linawezekana kila mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Kwa hiyo kumuuliza mwenyekiti wako wa mtaa, "Njia yetu ya kutokea ni ipi?" si ukorofi. Ni haki yako.

UKUTA WETU

Nilimuuliza wa kwetu. Nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa nimejiandaa haswa, nimeandika pointi kwenye daftari. Nikasema mifereji izibuliwe, kalavati liinuliwe, njia za kwenda shuleni ziwekewe alama. Watu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamsimulia dada.

Dada alikuwa anachambua mchicha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi, "Dada, siku ile tulikwama pale kwenye ukuta wetu."

"Ukuta upi?"

"Huu wa uchochoroni. Bibi hawezi kutembea, walitaka wampitishe na mkokoteni. Haukupita. Ikabidi wambebe mgongoni, na sisi tulio nyuma tukasubiri maji yakiwa magotini."

Nilikosa la kusema. Tulipojenga uzio mwaka 2022 tulisogea hatua mbili kwenye uchochoro ili gari lipate maegesho. Kila mtu alisogea kidogo, na sisi tukasogea. Uchochoro uliokuwa unapitisha bajaji ukabaki wa mtu mmoja akiwa peke yake. Na huyo bibi ni yule yule aliyetuambia maji hayasahau njia yake.

Jioni nikamwambia mume wangu. Akanyamaza, kisha akataja gharama. Tofali, fundi, geti jipya, na gari litakaa wapi. Alikuwa na haki, hela ile tulikuwa tunaiwekea ada ya mtoto. Tulibishana wiki mbili. Nilimwambia jambo ambalo lilinitoka bila kupanga: "Siku ile uliinua godoro ukinitafuta mimi na mwanao. Mtoto wa bibi alikuwa anamwinua mama yake kwenye ukuta wako." Akaondoka mezani. Jumamosi yake nikaamka na sauti ya nyundo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ilibidi tubomoe. Majirani wawili nao wakarudi nyuma baada ya hapo, mmoja bado. Gari letu sasa linaegeshwa kwa kubanabana na likitoka lazima mtu aelekeze. Asikwambie mtu, kila asubuhi linamkera baba watoto. Lakini mkokoteni unapita.

TULICHOKUBALIANA

Haya ndiyo tuliyoandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji. Si mengi.

Kwanza, aliye na mtoto ndiye anayeondoka naye. Hasubiri simu yetu, haombi ruhusa. Sisi wengine haturudi nyumbani. Tunakwenda mahali pa kukutania.

Pili, mahali pa kukutania ni pawili. Pa kwanza ni shuleni. Pakishindikana, kwa mama mkwe. Kila mmoja anajua njia mbili za kufika, moja isiyopita kwenye kalavati.

Tatu, meseji kabla ya kupiga. Mtandao ukizidiwa, meseji fupi mara nyingi inapenya pale simu inapogoma. Na kuna shangazi yetu wa Mwanza ambaye kila mmoja anamtumia ujumbe. Yeye yuko mbali na mvua yetu, anaweza kutuunganisha.

Nne, maji yanayokimbia hayavukwi, kwa miguu wala kwa gari, hata nikikuona ng'ambo unanipungia mkono. Hili tuliapa.

Tano, taarifa za hali ya hewa za TMA zikitoa angalizo, simu zinachajiwa usiku huo, na namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, dada anazijua kwa kichwa.

Jumapili moja tulifanya jaribio. Dada alitangulia, mimi nyuma, mume wangu amemshika binti mkono. Tulipita kwenye uchochoro, tukakunja kwenye mwembe, tukapanda hadi shuleni. Dakika 11 kwa mwendo wa mtoto. Tulipofika binti yetu akauliza kama tutakula muhogo, maana kwake pale ni mahali pa kula muhogo.

Wakati wa kurudi baba watoto aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia tangu siku ile. Alisema kilichomtisha hakikuwa maji, ilikuwa kutojua. Angejua tuko juu, angekaa ng'ambo ameshika kiuno anasubiri mvua ipungue, kama mtu mwenye akili timamu.

Mpenzi msomaji, tunaambiana nakupenda kila siku. Ni vizuri, tuendelee. Ila leo kabla hamjazima taa, ulizaneni mnakutana wapi. Na kesho asubuhi toka nje uutazame ukuta wako.